Mchumba Wangu Aliwasemea Wakata Mkonge kwa Kiingereza

Ndugu Mhariri, naomba ulifiche jina langu. Ya wenzangu nimekwisha kuyabadili. Nawaandikia wasomaji wote wa ukurasa huu, wake kwa waume, kwa kuwa nyumbani sina wa kumwambia.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mitatu, mwalimu wa shule ya wasichana hapa Tanga. Nimechumbiwa, na ndoa yetu imekwisha kutangazwa kanisani mara mbili. Imebaki Jumapili moja. Lakini kila nikimkumbuka huyo mchumba natamani kunawa mikono.

Baba yangu ni Mshambaa. Aliteremka kutoka milimani kabla sijazaliwa, akaja kukata mkonge katika shamba moja upande wa Pongwe, na mpaka leo ndiyo kazi yake. Mama analima mihogo nyuma ya kambi ya wafanyakazi tunamokaa. Kwa jasho lao nilisoma hata nikajua Kiingereza.

Mchumba nitamwita Elia. Kwao ni Maramba, na ni karani wa ofisi moja mjini. Tulijuana katika darasa la jioni la elimu ya uchumi, lililofundishwa na mwalimu mmoja aliyesoma Uganda. Vitabu vya kawaida vilisema kwamba Mwafrika akiongezewa mshahara hupunguza siku za kazi, maana haja zake ni chache. Mwalimu wetu hakuridhika na hayo. Alitusomea na wataalamu wengine, wanaobishana na waandishi wa vitabu hivyo, wasemao kuwa mshahara haushuki kutoka mbinguni kama mvua, bali hupangwa na mwenye nguvu. Tena mfanyakazi huyo huyo ndiye mnunuzi: akiwa hana kitu, kanga na sukari za madukani atanunua nani?

Elia aliyashika mafundisho hayo kuliko sisi sote. Siku moja alikuja kwetu akamkuta baba hakwenda kazini, anapalilia mihogo pamoja na mama. Wakati namsindikiza akaniambia, "Umeona? Baba yako hakukosa kazini kwa shibe. Mshahara wake umepimwa kwa mtu asiye na mke wala mtoto, na mama yako ndiye anayeujazia kwa jembe. Jembe la mama yako linamlisha tajiri wa mkonge." Wasomaji, kwa neno hilo nilimpenda. Nilijiambia huyu ndiye mume.

Basi ikaja kamati ya kuchunguza mishahara ya mashambani, wajumbe wake Wazungu. Wafanyakazi waliruhusiwa kuleta mtu wa kuwasemea. Wakatafuta anayejua Kiingereza, na baba akasimama kwa fahari, "Ninaye mkwe wangu!" Wote wakakubali.

Shule zilikuwa zimefungwa, nami nikafuatana na baba. Wakata mkonge walijaa nyuma ya ukumbi, wamevaa mashati yao ya kanisani na ya msikitini. Elia akasimama, akakohoa kidogo, akaanza. Mwanzo sikuamini masikio yangu. Alisema amekulia kati ya watu hawa na anawajua. Alisema mkata mkonge akipewa zaidi atalala, au atakwenda pombeni, na shamba litakosa watu. Alisema wanawake wao wana mihogo, kwa hiyo chakula si shida. Mihogo ya mama yangu! Ile aliyoniambia ndiyo inayomlisha tajiri, leo aliigeuza kuwa sababu ya kumnyima baba.

Hakuna aliyewatafsiria wale wazee. Waliona Wazungu wanaitikia kwa vichwa, wanatabasamu, wakadhani wameshinda. Elia alipokaa walipiga makofi. Baba alipiga kuliko wote.

Njiani akaniuliza, "Mwanangu, amesemaje? Nimeona wamefurahi."

Nikamjibu, "Kichwa kinaniuma, baba."

Kesho yake nilimfuata Elia chumbani kwake, mtaa wa Usagara hapa mjini. Hata sikukaa. Nikamwuliza yale ni maneno gani. Hakutahayari.

"Yale ni maneno ya kazi," akasema. "Mimi na wewe ukweli tunaujua. Yule bwana aliyekaa kushoto ndiye atakayenipendekeza nikasome ng'ambo. Ungetaka nimwudhi? Nikirudi na shahada yangu nitawatetea vizuri zaidi."

"Na baba yangu?"

"Baba yako hakusikia kitu. Wewe ndiwe utakayemwumiza ukimwambia."

Angesema amebadili mawazo ningemwelewa, maana watu hubadilika. Lakini anaujua ukweli, ameuweka mfukoni kama leso, atautoa siku utakapomfaa yeye.

Jumapili iliyopita wafanyakazi walikuja kwetu kumshukuru. Walileta jogoo na machungwa. Mama akapika. Elia akala mpaka akanyonya mifupa, midomo inang'aa mafuta, akawaambia, "Tumepigana, wazee wangu. Sasa tuombe Mungu." Mzee mmoja, mwenye jicho lililotobolewa na mwiba wa mkonge, akamshika mkono akambariki. Nilitoka nyuma ya nyumba nikatapika.

Mama aliponiona akacheka, akasema ni woga wa bibi arusi. Jioni nikamdokeza kwamba Elia ana ndimi mbili. Akanikemea: "Maneno ya wanaume ya ofisini hayaingii ndani ya nyumba. Utapata wapi mwingine kama huyu?"

Sasa ndugu zangu, kamati haijatoa uamuzi, na nimesikia itakaa tena hapa Tanga. Naweza kusimama nikasema kwa Kiingereza hicho hicho yale tuliyofundishwa. Lakini nikisema, kambi nzima itauliza na kujua alivyowageuka, na baba ndiye aliyemleta mtu huyu mbele yao. Ataishije nao? Nikinyamaza, nitaitwa mke wa mtu ambaye hata akinisogezea kikombe cha chai nasikia kinyaa, na wale wazee wataendelea kungoja nyongeza.

Jumapili mchungaji atauliza kama yupo mwenye kizuizi. Baba atakuwa amekaa ubavuni pangu. Nishaurini, nifanye nini?