Neno la Chumba Tulichogawana

Nyumba tunayokaa hapa mtaa wa Bellevue, ugenini, zamani ilikuwa ya familia moja. Sasa kila mlango una watu wake, na sebule ndiyo tuliyopangishwa mimi na mwenzangu, msusi kutoka Uvira. Kabati lake limekaa katikati, pazia langu linamalizia. Ukitaka kuvuka unapiga hodi, ingawa pazia halina pa kugonga, na unangoja ujibiwe.

Jumatatu alipiga hodi akiwa na chai mkononi. Mdogo wake anakuja kutoka nyumbani, hali kule imemshinda, na hapa hana mtu mwingine wa kufikia kwake. Akaniambia wazi: tukae watatu, au mmoja wetu atafute kwingine. "Si kukufukuza, yaya. Ni kukuuliza." Yaya kwao ni ndugu mkubwa. Akanipa hadi Jumapili.

Haki yake naiona. Chumba alikipata yeye, mimi nilikuja baadaye. Yangu nayo ipo: tunalipa nusu kwa nusu, na mimi kutwa nasafisha nyumba za watu, zina vyumba visivyolaliwa na mtu, nikirudi nakitaka kile kipande changu. Wiki nzima nilikaa nikainuka, nikainuka nikaona heri nikae.

Katika kuhangaika huko ndipo nikaanza kulichunguza hilo neno la chumba. Yeye husema shambri, kwa Kifaransa chake. Mwenye nyumba, mzungu mzee mwenye lugha ya Kiafrikana, husema kamer. Na juu ya mlango wa korido amefunga kamera, tangu baiskeli ya jirani iibiwe. Simu yangu ikadai yote matatu ni neno moja. Wagiriki walikuwa nalo kwanza, kwa maana ya paa la kuba, Waroma wakalichukua kwao. Kwa Waitaliano kamera mpaka leo ni chumba tu. Kwa Warusi ni chumba cha mahabusu, na pia ile ya picha. Ya picha yenyewe eti ilipata jina kwa sababu mwanzoni ilikuwa chumba cha giza chenye tundu dogo la mwanga. Nikaenda kumuuliza mama Mreno wa duka la kona. Akacheka, akasema kwao kamara ni baraza la mji, chumba cha kulala kina jina lake jingine kabisa. Basi sijui. Mimi ni wa darasa la saba, huenda nimeelewa nusu.

Lililonikaa rohoni ni la Wahispania. Mtu unayelala naye chumba kimoja walimwita kamarada, na humo ndimo lilimotoka hilo "komredi" wanaloitana watu hapa kwenye mikutano. Nilitaka kumwambia mwenzangu, kisha nikajizuia. Wale, nasoma, walikuwa askari. Nani aliwauliza kama wanataka kulala pamoja? Na kama neno lingekuwa upande wangu, ningelitumia kumkatalia? Niliona si haki neno litukatie shauri.

Jumamosi nikaenda Joubert Park, mjini kati, kuangalia nafasi, kitanda nyuma ya plaiwudi, ghorofani. Aliyenionyesha alikuwa mpole, hata la maji kukatika hakunificha. Nikajilaza kidogo kujaribu. Miguu ikagota ukutani, na mtu wa upande wa pili akakohoa kama yuko sikioni mwangu.

Niliporudi mwenzangu alikuwa barazani anamsuka mteja. Nikamwambia amlete mdogo wake, ila asije akakaanga dagaa chumbani.

"Anatoka Uvira, yaya. Unataka akaange nini?" Akamgeukia mteja. "Huyu mtu wa Kigoma anakataa ndagala, umeshasikia wapi?"

Mteja akacheka, nami nikacheka. Baadaye, amemaliza kusuka na mikono bado ina mafuta, aliniuliza taratibu kama nimekubali kwa moyo. Nikasema ndiyo. Alifurahi, na mimi furaha yake niliipenda kweli. Ila kama kule Joubert Park miguu yangu ingeenea, sijui leo ningekuwa nimemjibu nini.