Fungate Niliyompangia

Waliniweka kwenye komite ya harusi ya mwanaume aliyeniacha, na nikakubali. Wanaosikia habari hii leo huniuliza nilikuwa na akili gani. Nilikuwa na akili timamu. Kwetu sisi Warundi wa Durban, ukiitwa kwenye komite unakwenda. Ukikataa, umetangaza mbele ya kanisa zima kwamba bado unaumia, na mimi ni heri ningekufa kuliko kumpa yule mtu furaha hiyo.

Ilikuwa mwaka uliofuata Kombe la Dunia la hapa Afrika Kusini. Nilikuwa nafanya kazi katika ofisi ya safari kule Westville, karibu na chuo kikuu, nikiwapangia likizo maprofesa na wake zao. Asubuhi nilipanda taxi kutoka Greyville, jioni nilirudi Greyville, na katikati nilijibu simu za watu waliotaka chumba kinachotazama bahari. Mzee aliyeongoza komite, muuza mitumba mwenye sauti ya taratibu, aliniita pembeni baada ya ibada. "Dada, weye ndiye unajua mambo ya safari," akasema. "Fungate yao tunakuachia. Weye ni mtu mzima."

"Hakuna shida, mzee," nikasema. Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

Huyo bwana harusi alikuwa mchumba wangu miaka minne. Alikuwa kinyozi, ana kiti chake katika saluni moja ya Greyville, na alikuwa na pumu. Pumu yenyewe aliificha. Mwanaume wa kwetu anayetafuta mke hatangazi ugonjwa, maana wajomba wa msichana watauliza maswali na posa itakwama. Hata mimi alinificha, hadi siku alipoanguka jikoni kwangu akivuta pumzi kwa shida, midomo imebadilika rangi. Nikamkimbiza hospitali. Tangu hapo nikawa mtunza siri wake. Nilimnunulia dawa, nilimbebea kwenye mkoba wangu ili isionekane mfukoni mwake, na watu walipouliza mbona anahema niliwaambia ana mafua. Kisha akaniambia amempata mwingine, binti wa miaka ishirini na mbili, na kwamba mimi nina maneno mengi. Aliniambia hayo kwa simu. Miaka minne, kwa simu.

Basi niliketi ofisini nikafungua vitabu vya visiwa. Nilichagua Mauritius, hoteli ndogo yenye kituo cha wapiga mbizi, siku saba. Siku mbili ni za kuogelea juu juu, na miwani na mrija wa kupumulia, kutazama matumbawe na samaki. Siku tatu ni za kupiga mbizi hasa, mtungi wa hewa mgongoni, mwalimu mbele. Nilijua kukosa pumzi ndicho kitu anachokiogopa kuliko vyote duniani. Nilimwona kichwani mwangu akiwa kwenye boti kando ya mke wake mpya, amebanwa na ile nguo ya mpira, anahema, anatafuta sababu ya kutoshuka. Niseme wazi: nilifurahi. Siku hiyo nilikula chakula cha mchana kwa hamu ambayo sikuwa nayo tangu aniache.

Komite iliupenda mpango wangu. Bibi harusi aliupenda zaidi. Alikuja ofisini mwenyewe kuchukua makaratasi, msichana mpole, viatu vinambana, akiniita dada kila baada ya maneno matatu. "Dada, ameniambia amezoea maji sana. Anasema alikua akiogelea ziwani, kule Bujumbura." Nikamjibu kwamba ni kweli, amezoea. Huyo mtu ziwani hakuwahi kuingia maji yakapita magoti.

Kituo cha wapiga mbizi kilituma fomu ya afya. Maswali mengi, kila moja unajibu Ndiyo au Hapana, na ukiweka Ndiyo hata moja lazima daktari atie sahihi. Wiki moja baadaye binti alirudisha fomu mbili, yake na ya mchumba wake. Ile ya mchumba ilikuwa na mwandiko ninaoujua, herufi zimelalia kushoto. Pumu: Hapana. Shida ya kupumua: Hapana. Hapana mpaka chini.

Nilipiga simu kisiwani, nikampata mwalimu wa kituo, nikajifanya nauliza kwa ajili ya mteja mwingine. Nilitaka tu kujua atahangaika kiasi gani. Mwalimu alinieleza kwa Kifaransa, bila haraka. Mwenye pumu akibanwa kifua kule chini, alisema, hewa inanaswa ndani. Akipanda juu ile hewa inapanuka, na mapafu yanaweza kupasuka. "Anakufa, madamu," akasema. Nikamshukuru, nikaweka simu chini.

Mimi nilitaka aaibike. Sikutaka mazishi. Lakini msinipe sifa ambazo si zangu, kwa sababu namba yake nilikuwa nayo, tena kichwani. Ningeweza kumpigia dakika ile ile, yeye na mimi tu, nikamwambia sema mgongo unauma, usishuke, na hakuna ambaye angejua. Sikupiga. Niliiweka fomu kwenye droo nikangoja Jumapili, maana Jumapili baada ya ibada kila mwenye kazi kwenye komite husimama akasoma ripoti yake.

Ukumbi ulijaa. Wajomba wa binti walikuwa wamekuja kutoka Queensburgh, wameketi mstari wa mbele na suti zao. Nilisimama nikasoma habari za ndege, hoteli, chakula cha asubuhi. Halafu nikasoma fomu yake, swali kwa swali, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisa. Nilipofika kwenye pumu nikasema, "Hapa ameandika Hapana. Si kweli. Ana pumu, na akishuka nayo chini ya maji anaweza kufa."

Nikamtazama. Eish, ule uso nilikuwa nimeungoja karibu mwaka mzima.

Mjomba mkubwa aligeuka kitini. "Ni kweli, kijana?"

Akasimama. Kwa jinsi alivyopandisha mabega nilijua kifua kimeanza kumbana, lakini akacheka. "Wazee wangu, mnajua huyu dada na miye tulikuwa na mambo yetu zamani. Wivu tu. Pumu miye sina. Na ili muone, nitashuka siku zote tatu, na nitawaletea picha za kule chini kabisa."

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja nyuma yangu akasema, wala hakunong'ona, "Masikini, wivu unamla." Mzee wa komite akaniomba nikae.

Nilipokaa ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kama ningempigia simu, angetafuta kisingizio akabaki juu ya boti. Sasa alikuwa ameapa mbele ya wakwe, na yule mtu angekufa kweli kuliko kuonekana mwongo mbele ya wakwe. Nilimjua kuliko wote waliokuwa wakimpigia makofi.

Jumatatu nilimpigia. Hakupokea. Nikamwandikia ujumbe: usishuke, nakuomba. Akajibu neno moja, "Utaona." Hasira zikanipanda upya, nikasema moyoni, haya, shuka basi. Nilikaa na wazo hilo mpaka saa ya chai, na sitadanganya, lilikuwa tamu. Kisha nikamwandikia barua pepe yule mwalimu wa kisiwani. Nikampa jina la mteja na tarehe ya kufika, nikamwambia fomu yake ni ya uongo, nikaomba asiseme ametoa wapi habari.

Harusi ilipita. Kwenye meza ya komite hapakuwa na kiti changu. Wakasafiri, na siku chache baadaye mwalimu akanijibu. Mteja amekataliwa gatini kabla boti haijaondoka. Amegomba sana, mpaka daktari wa kituo alipomwekea kipimo akasikia kifua kinavyolia. Mke wake ameshuka na wenzake siku zote tatu, anapenda sana. Mume amengoja ufukweni. Niliisoma barua hiyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, kisha nikaichapisha kwenye karatasi.

Kanisani kwetu maharusi wakirudi hutoa ushuhuda wa shukrani. Alisimama mbele na mkewe, akasimulia kwa mikono miwili, kobe mkubwa hivi, samaki wa rangi hizi, giza la kule chini. Akapitisha picha. Ilipofika kwangu nikaona mtu amevaa miwani na mpira mdomoni, uso wote umefunikwa, na vifundo vya mikono vyembamba vya msichana. Mkewe alikuwa anatazama sakafu. Watu wakasema amina, wengine wakageuka kuniangalia mimi mwenye wivu.

Nilifungua Biblia yangu, nikatoa ile barua, nikaikunjua magotini taratibu. Akaiona. Hakujua imeandikwa nini, lakini alinijua mimi. Alikatiza sentensi katikati, akasema Mungu ni mwema, akaketi.

Sikuisoma. Msidhani ni huruma. Ningeisoma, nguvu yake ingekwisha siku hiyo hiyo. Nikaikunja nikairudisha mahali pake, na tangu hapo kila Jumapili alipoingia alitazama kwanza nimekaa wapi. Nilikaa benchi la tatu, upande wa kulia, ambapo hawezi kutoniona. Hajasimama kushuhudia tena, hata mtoto wao alipozaliwa. Mkewe ndiye aliyesimama.

Baadaye alinijia mwanaume mmoja wa Queensburgh, fundi umeme, Mkongomani, mtu wa maneno machache. Alinipenda, na nadhani nami nilianza kumpenda. Alitaka tuoane, tukae kwake, tusali kanisa la kwao. Nikamwambia angoje kidogo. Aliniuliza mara mbili ni nini kinachonishika pale Greyville, nikamjibu ni kwaya. Mimi sijawahi kuimba kwaya maishani mwangu. Alingoja miezi kadhaa, akaoa mwingine, na Jumapili ya harusi yake mimi nilikuwa kwenye benchi langu, nimewahi.