Ngoma ya Mama na Mkutano wa Wazazi

Harufu ya mabibo yaliyoanza kuchacha chini ya mikorosho hunirudisha Mbekenyera, kule Ruangwa, nilipokuwa darasa la sita na njaa ikinilaza juu ya dawati hata kabla ya saa sita mchana. Msinicheke. Mtoto aliyetoka nyumbani bila kitu tumboni, hata mwalimu aimbe hesabu, haimwingii.

Mwalimu mkuu alitaka tupikiwe uji, lakini ilibidi wazazi wakubali kuchangia mahindi na kupika kwa zamu. Kila akiitisha mkutano, hawaji. Msimu wa korosho nani ana muda? Safari hii alitutuma tukawaambie kwamba huo ndio mwito wa mwisho. Wasipokuja, uji basi. Nilifikisha ujumbe nyumbani jioni ile ile.

Baba alimgeukia mama huku akimenya muhogo, "Mama Somoe, shule ni ya walimu. Sisi tuna shamba."

Mama alikuwa kungwi, mfunzi wa wasichana unyagoni, na mdomo wake haukuwa na breki. "Mwali akitoka unyagoni, nani hubaki shambani?"

Baba akaendelea kumenya muhogo.

Siku ya mkutano mama alibeba ngoma, akapiga ule mdundo wa kutoa mwali. Wanawake wakaacha korosho chini, wakaja mbio, kanga mabegani.

"Mwali wa nani anatoka leo? Mbona hatujaambiwa?"

"Wenu wote," mama akasema. "Wako shuleni. Twendeni!"

Walimtukana kwa utani, lakini wakaenda, vigelegele njia nzima, na wanaume kadhaa nyuma yao, baba akiwemo, akijifanya anapita tu. Mwalimu mkuu alikuwa ameweka benchi moja. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na papo hapo nilijawa na furaha isiyo kifani. Haikupita wiki tukawa tunakunywa uji, na mwaka uliofuata nilifaulu kwenda sekondari.

Miaka mingi niliamini mama hajui woga. Nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe, hapa Nachingwea, ndipo aliponiambia kwamba kabla ya siku ile hakuwahi kukanyaga shule yoyote. Kiswahili chake, nusu Kimwera, kilimtia aibu mbele ya walimu.

"Niliogopa, mwanangu. Ndiyo maana sikwenda peke yangu."

Siku hizi nikiitwa mkutano wa shule, kwanza napiga hodi kwa jirani.