Ng'ombe Waliolala Nje

Juzi mjukuu wangu alifinyanga gari la watalii kwa udongo, akaliacha uani. Nilikuwa nimechoka, nimekaa tu mlangoni, lakini harufu ya ule udongo mbichi ilinirudisha shule ya vidudu, kule Ganako.

Mwalimu wetu, mgeni kutoka Tanga, alituambia tufinyange nyumba za kwetu. Yangu niliijaza ng'ombe, karibu kabisa na kitanda, kama walivyolala nyumbani. Mwalimu alicheka kwa upole, akawatoa mmoja mmoja, akawapanga nje ya nyumba yangu ya udongo. "Ng'ombe hulala nje, mwanangu."

Mimi nilidhani ametoa amri. Jioni mama alipokuwa akiingiza ng'ombe, nilisimama mlangoni nikawazuia. "Mwalimu kasema walale nje!"

Mama, aliyeshinda shambani akipalilia, alinitazama kwa macho mazito. "Na fisi, yeye kafundishwa na mwalimu gani?"

Kulipokucha nilikimbia darasani. Ng'ombe wangu wa udongo walikuwa wamekatika miguu. Nililia sana.

Siku hizi najua udongo ukikauka hupasuka. Hata hivyo juzi, pamoja na uchovu wote, niliinuka nikaliingiza lile gari ndani kabla ya giza.