Barua Isiyofutika kwenye Flashi ya Ofisi

Nimeifuta kweli, au nimedhani tu nimeifuta? Swali hilo lilininyima usingizi siku tatu, wiki niliyohamishwa kutoka Riyadh kwenda Jeddah. Wengine huhama na hofu ya kazi mpya. Mimi nilihama na hofu ya barua ya ukurasa mmoja na nusu.

Flashi yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa uhda, yaani mali ya ofisi uliyotia saini kuipokea. Huhami mpaka uirudishe. Kule kila kitu ni uhda: kompyuta, kiti, hata ufunguo wa choo. Nilikuwa fundi wa kompyuta wa kampuni, kijana wa Unguja mwenye shahada, na kwenye flashi ile yenye kibandiko cha namba niliweka programu za kazi. Na barua.

Niliiandika siku ya Idi. Niliswali, nikarudi chumbani, nikala wali wa boksi nikiwa nimesimama, maana kukaa peke yangu kwenye mkeka siku ya Idi kulinishinda. Kisha nikaenda ofisini, mtaa wa Sulimaniyah, kwa kuwa kule angalau simu ingeweza kulia. Haikulia. Nikamwandikia meneja: naomba khuruji, ruhusa ya kuondoka moja kwa moja, siwezi tena. Sikuituma. Kesho yake niliona aibu, lakini pia sikuifuta. Nadhani nilipenda kujua kwamba ipo.

Miezi ikapita, nikaomba kuhamia Jeddah. Nilikuwa nimesikia kule Waswahili ni wengi, kwamba mtu akienda kununua mkate anaweza kusalimiwa kwa lugha yake. Nikakubaliwa. Nikaambiwa nitakabidhi uhda wangu kwa mtunza stoo wa Jeddah, na kwamba kule flashi hufunguliwa mbele ya meneja wa huko kabla ya kupokewa. Meneja huyo ndiye aliyenichagua. Akisoma "siwezi tena" ataniona mtu wa kuondoka, na nafasi atampa mwingine.

Nikaanza kufuta. Mwanzo kosa lilikuwa langu. Kompyuta ya ofisi ilikuwa ya Kiarabu, na kwa Kiarabu vitufe hugeuka, cha kushoto kikaenda kulia. Kidole changu, kilichozoea kompyuta za chuo kikuu, kilibonyeza mahali "Ndiyo" inapokaa siku zote. Nilibonyeza mara tatu ndipo nikasoma: kilikuwa kitufe cha "La". Mimi, niliyehitimu msahafu utotoni.

Nikabonyeza "Naam". Barua ikatoweka. Nikachomoa flashi, nikaichomeka tena: barua palepale, na tarehe yake ya Idi.

Nikafunga programu zote, huenda mojawapo ilikuwa imeishikilia. Nikazima kompyuta na kuiwasha. Nikatafuta ubavuni mwa flashi swichi ndogo ya kufungia, haikuwepo. Nikaondoa alama ya "kusomwa tu", ikajirudisha. Nikajaribu kuifomati flashi nzima. Ikakataa, ikidai imekingwa isiandikwe. Kompyuta yangu mwenyewe ikasema vilevile. Mteja angeniletea flashi kama ile ningemjibu kwa dakika moja: imechoka ndani, imejifunga, inasomeka lakini haiandikiki wala haifutiki, nakili vitu vyako uitupe. Mimi ilinichukua siku mbili kukubali. Na sikuwa na wa kumuuliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naulizwa.

Nikaenda soko la Batha, nikatafuta duka kwa duka mpaka nikapata pacha wake. Nitahamisha kibandiko, nilijiambia, basi. Ndani ya basi la Jeddah nilianza kukibandua kwa ukucha. Pembe ikachanika. Nikaacha, nikakaa njia nzima nikipapasa mfuko wa shati wenye flashi mbili.

Mtunza stoo alikuwa mtu wa Mombasa, amenizidi umri sana.

"Fundi wa Unguja!" alisema. "Salamu zenu ndefu, basi leo kazi hatufanyi. Habari za safari?"

"Njema."

"Njema gani hiyo, na uso umekunjana hivyo? Haya, leta uhda. Laptopu, sawa. Chaja, sawa. Flashi... Mbona pembe imebanduka?"

"Nilitaka kukihamisha kibandiko."

"Ukipeleke wapi?"

Nikamweleza yote, kuanzia Idi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile kuzungumza Kiswahili kirefu namna ile na mtu ninayemwona uso, si simu. Nikaeleza hata yasiyohitajika.

Akacheka hadi akashika meza. "Fundi mzima, ashindwa na faili moja! Mombasa nzima itasikia." Kisha akapunguza sauti. "Lakini sikiza, mdogo wangu. Wataka kuondoka bado?"

"Sitaki. Siku ile nilitaka."

"Basi lete nyundo hiyo. Naivunja, naandika imevunjika njiani. Halas, yamekwisha."

Nyundo ilikuwa pale pale juu ya rafu. Nikaitazama. Nikajijua nilivyo: flashi ingevunjika, halafu kila mara meneja atakaponiita ningejiuliza amesikia nini, na kila mara mtunza stoo atakapocheka ningedhani anaicheka Idi yangu. Nisingelala Jeddah kama nilivyokosa usingizi Riyadh.

"Usiivunje, kaka," nilisema.

"Wewe wajipeleka mwenyewe."

"Ndiyo."

Meneja aliingia akiwa bado anamalizia maongezi ya simu. Sikungoja mtunza stoo aanze. Nilichomeka flashi mwenyewe kwenye laptopu, nikaifungua barua, nikamgeuzia kioo.

"Hii niliiandika mimi siku ya Idi," nilimwambia, kwa Kiarabu changu cha kuungaunga. "Nimeshindwa kuifuta. Nataka kubaki. Lakini isome."