Aiskrimu Iliyopikwa Muleba

Haikuwa chupa, haukuwa moto wa jikoni, wala hakuwa mama mdogo Kemilembe. Aiskrimu ya bibi niliila mimi, ndani ya gari la hospitali, pale Kemondo, nikiwa na akili zangu timamu na kijiko nilichojitengenezea mwenyewe. Nimelikana jambo hili tangu utotoni mpaka nikaota mvi, na kulikana kwenyewe hakukunipa taabu, maana hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kilichonirudisha huko ni sauti. Mwaka jana nilikaa miezi michache Torino, kaskazini mwa Italia, nikifundisha kozi fupi chuoni. Mji ule njia zake za miguu zimeezekwa juu, mtu anaweza kutembea mchana kutwa mvua ikinyesha asilowe, na chini ya mapaa hayo maduka ya aiskrimu yamepangana kama maduka ya vocha kwetu Kashai, mjini Bukoba. Siku ya kwanza muuzaji alifunua kopo la chuma, kifuniko kikagonga meza ya mawe: ting. Nilisimama pale, mama mzima mwenye shahada zake, nikasikia joto likinipanda shingoni kama mtoto aliyekutwa na mkono kwenye chungu. Ilikuwa sauti ileile ya kifuniko cha chupa ya uji ya mama yangu.

Tangu nirudi, kila anayepata safari ya kwenda huko ananiandikia kuniuliza aiskrimu nzuri inaliwa wapi. Nimekuwa mtaalamu. Huwaambia wapite mbali na duka lililorundika aiskrimu kama kichuguu, inayong'aa kwa mbali. Waende kule inakofichwa ndani ya makopo yenye vifuniko. Waangalie ya ndizi. Ikiwa njano kama mfuko wa plastiki, watoke. Ndizi iliyopondwa ikakaa inageuka kijivu, na Mhaya hahitaji kwenda chuo kulijua hilo. Waombe ya njugu za milimani zilizosagwa na chokoleti, kisha washuke mpaka mtoni wakale wakiwa wamesimama, wakiangalia maji. Ushauri wote huo ni wa kweli. Ninachowaficha ni kwamba mimi mwenyewe, miezi yote ile, sikumaliza kikombe hata kimoja.

Aliyeyaanzisha ni mjomba, kaka yake mama, kijana wa kwanza wa ukoo wetu kupelekwa Ulaya kusoma, tena Torino hiyohiyo. Alituma picha. Amesimama mbele ya duka, koti limemzidi mwili, mkononi ameshika kitu kama mwenge mdogo. Bibi aliitundika ukutani nyumbani kwake Muleba, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, na kila mgeni aliyeingia alipewa kahawa ya kutafuna, kisha akaonyeshwa mwanawe.

Siku moja tulipokwenda kumtembelea, bibi alimuuliza mama yule mtoto ameshika nini. Mama, ambaye alikuwa muuguzi Bukoba mjini, alimweleza kuwa ni maziwa yenye sukari, yamegandishwa mpaka yakawa baridi kama mvua ya mawe. Bibi aliitazama tena ile picha. Halafu akasema angependa naye aiweke mdomoni, hata kidogo tu. Hakuwa na njaa nayo. Ila tangu mwanawe aondoke, alisema, hapakuwa na kitu hata kimoja walichokuwa wakila wote wawili.

Mama hakuyasahau maneno hayo. Likizo ya Desemba, masista wa pale hospitalini walipotengeneza aiskrimu kwa ajili ya sikukuu yao, aliwaomba kidogo. Akaijaza kwenye chupa ya kuhifadhi joto, ile yenye mdomo mpana aliyokuwa akiwapelekea wagonjwa uji, akaifunga kwa kanga. Gari la hospitali lilikuwa linapeleka dawa Muleba. Nikapandishwa mbele, chupa mapajani, na mama akainama dirishani kunipa maagizo. Nikifika nisingoje salamu. Nimwambie bibi afungue palepale, ale, salamu zitafuata.

Naomba mwelewe uzito wa agizo lile. Kwetu zawadi ya msafiri haifunguliwi mbele ya aliyeileta. Hupokelewa kwa mikono miwili, mtu akashukuru, ikapelekwa chumba cha ndani ikawekwa. Mgeni husalimiwa, hulishwa, huulizwa habari za watu wote aliowaacha, na kilichomo kwenye kifurushi mwenye nyumba atakijua baadaye kwa wakati wake. Kukifungua papo hapo ni kama kusema umemtazama mgeni mikono kabla ya kumtazama uso. Mama alikuwa ananituma nikavunje adabu kwa idhini yake, na mimi, mtoto wa miaka tisa niliyekuwa napigiwa magoti na paka tu, nilivimba kichwa kwa kupewa mamlaka ya kumwamuru mtu mzima.

Kemondo, katikati ya safari, dereva alisimama kununua samaki. Akateremka kuelekea ziwani, akakutana na watu anaowafahamu, na mnajua mazungumzo ya watu wa kwetu yanapoanza na salamu yanachukua muda gani. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka kali. Nikaingiwa na wasiwasi, wasiwasi wa mtu mwaminifu: je, bado ni ya baridi? Dirisha lilikuwa limepakana na mgomba. Nikachana kipande cha jani, nikakikunja kama tunavyokunja watoto wote wa kule, kikawa kijiko. Kijiko cha kwanza kilikuwa cha ukaguzi. Cha pili kilikuwa cha kuthibitisha matokeo ya ukaguzi. Ubaridi uliniuma meno ya mbele, kisha ukayeyuka ukawa harufu, harufu tamu ambayo sikuwa na jina lake, nikadhani ndivyo Ulaya nzima inavyonukia. Baadaye nilikuja kujua ni vanila tu.

Nilibakiza. Nalisema hilo kwa kujitetea, ingawa nilichobakiza kingeenea kwenye kiganja.

Hapo ndipo akili ilipoanza kufanya kazi, na ilifanya kazi kama ya wakili. Bibi akifungua mara moja, ataona pengo. Lakini ikiyeyuka kwanza, nani atashangaa ikiwa kidogo? Mboga ikiiva si inasinyaa? Kwa hiyo dereva aliporudi na samaki wake nilikuwa nimeshaamua. Nilikuwa nimekula aiskrimu, sasa ningekula na ule ujumbe.

Bibi alitoka kunipokea mpaka uani. Nilipiga magoti, akaipokea chupa kwa mikono miwili. Akashukuru kwa Kihaya, kasinge, akarudia kasinge, kana kwamba nimembebea nyumba. Aliijua ni nini, nilimwona alivyoitazama.

"Mama yako amesema nini, bojo?" aliniuliza kwa kunibembeleza.

"Anakusalimu."

Basi adabu ikachukua mkondo wake. Bibi alimkabidhi chupa Kemilembe, kitinda mimba wake, mdogo wa mama, binti aliyekuwa amemaliza shule ya msingi. Kemilembe alikuwa na furaha zake siku zile. Mama alikuwa amemtafutia nafasi ya kozi ya wauguzi wasaidizi, na likizo ikiisha angerudi nami Kashai aanze masomo. Alishaanza hata kunifunga vidole kwa vitambaa bila vidonda, kwa mazoezi. Alipopewa chupa hakuuliza. Chupa ya namna ile, kwa kila mtu aliyekulia nyumba yenye moto na isiyo na friji, kazi yake ni moja, kutunza joto. Akaipeleka jikoni, akaiweka karibu na mafiga ili izidi kutunzika. Nilikuwa nimekaa palepale nikila ndizi na maharage. Nilimwona akiisogeza, akaisogeza tena, mpaka ikakaa vizuri. Nikaendelea kula.

Kesho yake baada ya misa bibi alialika akina mama wa jumuiya yake. Walikaa kwenye mikeka, picha ya mjomba ikashushwa ukutani na kuzungushwa mikononi. Kisha chupa ikaletwa. Kifuniko kikagonga sahani: ting. Harufu ikatangulia kutoka. Ndani mlikuwa na maziwa vuguvugu yaliyochacha, hayakufika hata nusu ya kikombe.

Bibi aliyamimina kikombeni, akayanywa yote, taratibu, bila kukunja uso, akajifuta midomo kwa ncha ya kitenge.

"Kumbe mwanangu kule ananyweshwa maziwa yaliyoharibika," alisema.

Halafu akamgeukia Kemilembe, akamuuliza aliiweka wapi.

"Jikoni, mama. Karibu na mafiga."

Kesi ikaishia hapo. Mshitakiwa alikiri, shahidi aliyekaa mlangoni hakuitwa.

Mnaonijua mnadhani kilichofuata ni kicheko, kwa sababu kicheko ndicho mlichokikuta. Kwenye harusi zetu zote lazima mtu asimame aseme Kemilembe asipewe keki kutunza, ataipika. Amekuwa Mpika Aiskrimu mpaka kwa watoto wake. Lakini kabla ya kicheko palikuwa na jambo jingine. Likizo ilipoisha bibi alimkataza Kemilembe asiondoke. Alisema binti asiyeweza kutunza chupa usiku mmoja hawezi kukabidhiwa wagonjwa wa watu. Baadaye mama alisafiri kwenda kumbembeleza mama yake na hakufua dafu. Lile agizo lake hakulitaja, alidhani nililifikisha na bibi akashindwa kuvunja adabu. Nafasi ile akapewa mwingine. Kemilembe akabaki, akalima, akaolewa kule Ijuganyondo.

Mimi nilirudi mjini peke yangu na chupa. Kwetu chombo hakirudishwi kitupu, kwa hiyo bibi alikuwa ameijaza senene, wale panzi wetu wa kukaanga, akaniambia nile njiani kwa sababu mimi ni mtoto msikivu. Ningependa kuwaambia kuwa walinikwama kooni. Niliwala wote. Dhamira yangu ilikuwa bado haijaanza safari.

Mjomba aliendelea kupokea kwa miaka, katika kila salamu kutoka nyumbani, onyo la kuchemsha maziwa. Alirudi akiwa mzima, na bibi alifariki akiamini onyo hilo ndilo lililomwokoa. Hakuwahi kuionja ya baridi.

Kwa muda mrefu nilijisamehe kwa hoja ya umri. Mtoto wa miaka tisa, nilijiambia, ana kosa gani? Nilipokuwa nimesimama Torino na kikombe kinachoyeyuka mkononi ndipo nilipofanya hesabu nyingine. Mtoto alinyamaza siku moja. Mtu mzima alinyamaza kwenye kila harusi, tena akicheka, na mara nyingi, kwa kuwa ana ulimi mzuri, ndiye aliyehadithia. Mzaha wa Kemilembe kuambiwa aiskrimu imechomwa nje, ndani bado mbichi, ni utunzi wangu. Nilipigiwa makofi.

Mwezi uliopita kamati ya sherehe ya kumuaga binti yake Kemilembe iliniandikia kwenye kundi la familia. Waliniomba Jumamosi ya sherehe nisimame niwasimulie wakwe kisa cha aiskrimu iliyopikwa, kwa kuwa, waliandika, hakuna anayekijua kisa kile kuliko mimi. Hilo lilikuwa kweli tupu. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nikampigia simu mama mdogo.

Alikuwa anamenya ndizi. Akaniambia niongee tu, simu ameiweka kwenye kigoda. Nikaongea. Nilimweleza Kemondo, jani la mgomba, pengo kwenye chupa, na ule ujumbe nilioumeza. Kisu kilikuwa kinasikika kikienda, kisha kikasimama.

"Mama yako alisema ifunguliwe palepale?"

"Ndiyo, waitu," nikaitika kwa heshima ya kwetu.

"Na wewe ukasema anasalimu."

"Ndiyo."

Nikamsikia akiinuka kwenda kusogeza sufuria. Aliporudi, sauti yake haikuwa ya kulia wala ya ugomvi. Ilikuwa kama ya mtu anayepanga upya vitu chumbani. Alisema tangu apate mji wake hajawahi kuruhusu chupa ya chai ikae karibu na moto. Alisema aliwachapa watoto kwa ajili hiyo.

"Ilikuwaje?" akauliza.

"Nini, mama?"

"Hiyo aiskrimu. Si wewe uliyeila? Mimi siku ile hata ya kulamba sikupata."

Nikamwambia kwanza inauma meno, halafu inakuwa tamu, halafu inaisha kabla hujajua umekula nini.

"Sawa. Jumamosi utasimama, useme hivyo hivyo, na kipaza sauti mkononi. Useme na ile ya kozi. Mambo ya kusameheana tutayaongea wageni wakiondoka."

"Nitasema, mama."

"Na usiwachekeshe, Koku. Wewe jambo likiwa zito unalichekesha."

Nikasikia kisu kikirudi kwenye ndizi, kisha akakata simu.