Kigari cha Papa cha Kupanda Mawe

Kaka yangu mkubwa ni mtu wa vitu vya tayari. Huko kwake Lubumbashi anakula sombe, majani ya muhogo, iliyopondwa na mashine na kufungwa kwenye sashe za plastiki, na nilipomtembelea alinikaribisha hiyo sombe bila haya, kisha akaniuliza kama ni tamu. Nilimwambia ni ya kijani. Mashati yake yanatoka dukani na mikunjo ya boksi, na anayavaa hivyo hivyo. Hata sala ya kufungua kikao cha familia anaisoma kwenye simu, yeye mtoto wa nyumba ya Wamethodisti, aliyelelewa na mama aliyekuwa akiomba mpaka bukari, ugali wetu, inapoa mezani. Kwa hiyo aliposema tumnunulie Papa, baba yetu, kigari cha tayari, sikushangaa. Nilisonya tu.

Mambo yalianza Noeli, alipokuja kwetu Kamina. Alimwonyesha Papa video kwenye simu: kigari cha urefu wa kiganja mpaka kiwiko, kinachoendeshwa na mtu aliyeshika telekomandi, kikipanda mawe polepole kama mbuzi. Papa aliisogeza simu karibu na jicho la kulia, kwa sababu la kushoto lilikuwa limekwisha zimika. Aliomba arudishiwe mara ya pili, ya tatu, ya sita, mtu ambaye hata habari za redio zinamchosha kabla hazijafika katikati. Mwishoni akasema, "Huyu mwenye kushika kale kantu mu mikono, njo anafurahi."

Tulicheka sote kwa neno hilo kantu, kadude. Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu mawili, tena nilikuwa nimekaa karibu naye kuliko mtu yeyote.

Munganga, daktari wa macho, alikuwa ametuambia waziwazi: ni presha ya macho, kilichokufa hakifufuki, na jicho lililobaki litafunga kidogo kidogo, labda mwaka, labda chini ya hapo. Basi mimi na kaka yangu tulikubaliana Papa apewe kigari angali anaona. Hapo ndipo makubaliano yetu yalipoishia.

Viko vya namna mbili. Kimoja kinakuja kizima: unachaji betri, unakiweka chini, kinakwenda. Kingine kinakuja vipande vipande ndani ya vifuko, skurubu, gia, ekseli, springi, pamoja na kitabu cha michoro, ukiunge mwenyewe. Hicho wanakiita kit.

"Ya tayari," kaka yangu alisema. "Macho ya Papa haina wakati."

"Yaya, weye unamujua Papa?" nilimuuliza; kaka mkubwa kwetu ni yaya. "Ao unamusikiaka tu ku telefone?"

Papa alikuwa fundi wa lokomotivi kwenye depo ya reli mpaka alipostaafu. Nikiwa msichana mdogo nilikuwa nampelekea chakula cha mchana, nikasimama pembeni kutazama. Alikuwa anatoka chini ya mashine, anajipangusa mikono kwa kitambaa, anarudi nyuma hatua mbili. Kisha dereva, mwenye shati safi, anapanda bila hata salamu, anapiga honi, anaondoka. Nilimdharau sana yule dereva. Mtu wa kubonyeza tu, asiyejua hata mashine ilikuwa na ugonjwa gani. Na kaka yangu alitaka kumgeuza baba yetu kuwa mtu wa namna hiyo, uzeeni.

Nilimwandikia hivyo hivyo. Nilimwandikia pia kwamba kumpa fundi kitu kilichokwisha fungwa ni kumpa mtu chakula kilichokwisha tafunwa. Alijaribu kunieleza kwamba kit haina moteri wala telekomandi, kwamba hivyo vinatafutwa kando na vinachelewa. Nilimjibu aache visingizio. Mimi ni mwalimu. Kutwa nawafokea wanafunzi wanaojibu swali kabla ya kulisoma. Mwishowe alichoka na mimi, akaagiza kit.

Boksi lilifika na treni baada ya Pasaka. Papa alipapasa vifuko kimoja kimoja, akatikisa kimoja karibu na sikio.

"Kazi," alisema, basi.

Mimi katika neno hilo nikasikia furaha. Nilimpiga picha ameshika skurubu ndogo kama punje ya ulezi, nikamtumia kaka yangu na maneno haya: Tazama mikono ya mzee, weye wa sombe ya sashe.

Alikiunga kiangazi kizima. Nikirudi shuleni nilikuwa nasoma michoro, yeye anafanya kwa vidole. Sitasema uongo, ilikuwa kazi ya kutazamwa. Ekseli ya mbele aliifungua mara mbili kwa sababu alisikia chembe ya mchanga ndani, mchanga ambao mimi sikuusikia, na kweli ulikuwemo. Kilipokwisha, tulikiweka mezani. Kilikuwa kizuri na hakikuweza kwenda popote. Hakikuwa na moteri. Hakikuwa na telekomandi. Nilipekua boksi mpaka chini, nikapekua hata karatasi za kufungia, ndipo nikampigia kaka yangu. Nilisubiri anicheke. Hakucheka, akasema tu ataagiza, na hilo likanikera kuliko angenicheka.

Vitu vilikawia mpaka mvua zikarudi. Katika wiki hizo Papa alianza kuuliza nani ameingia, hali nimesimama mbele yake.

Siku moteri ilipofika aliifunga asubuhi kwa kupapasa, mimi nikimsomea rangi za nyaya, hii nyekundu, hii nyeusi. Betri tulichaji kwa jirani mwenye pano ya umeme wa jua. Saa tisa tulikuwa uani, mbele ya rundo la mawe yaliyobaki tulipojenga msingi wa jiko. Papa alikiweka kigari chini, akajipangusa mikono kwa kitambaa, akaninyooshea telekomandi, akarudi nyuma hatua mbili.

"Iko muzima," alisema. "Endesha."

"Papa, ni yako. Njo weye wa kuendesha."

"Ile ya yaya yako, ilikuwa ya kufika inatembea?"

"Ndiyo, Papa."

"Ile njo nilikuwa nataka." Hakusema kwa hasira; alisema kama mtu anayetaja ukubwa wa spana. "Maisha yangu yote nilitengenezaka mashini ya bantu bengine. Hata moja sikuendeshaka. Lakini weye ulileta kazi, nikafanya."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Miezi kumi tulikuwa tumebishana, mimi na kaka yangu, tukaandikiana na kutumiana picha, na hakuna aliyemuuliza mwenyewe, aliyekuwa amekaa chumba cha pili. Yule wa sombe ya sashe alikuwa amekisia sawa. Mimi, mwalimu mzima, niliyebeba sahani ya chakula mpaka depo na kusimama pale nikitazama, sikuwa nimeona kitu.

Nilimwekea telekomandi mikononi, nikavipeleka vidole vyake mahali pake. Akabonyeza. Kigari kiliondoka, kikagusa jiwe la kwanza, kikalipanda. Nilikuwa natembea kando yake nikimwambia Papa kushoto, mbele, polepole. Kwenye jiwe la pili kiliteleza, kikaanguka chali, magurudumu yakizunguka hewani.

"Iko inapanda?" Papa aliuliza. Uso wake ulikuwa umeelekea upande ambako hakikuwepo.

"Iko inapanda, Papa."

Niliinama, nikakiokota, nikakinyanyua mpaka juu kabisa ya rundo, moteri ikilia mkononi mwangu. "Imefika juu," nikasema.

Aliacha kubonyeza. "Moteri yenye kubeba uzito hailiake vile," alisema. "Hii haibebe kitu. Weye njo umeibeba. Irudishe chini."

Nikakirudisha mbele ya lile jiwe la pili, nikamwambia kweli, kwamba kilikuwa kimeanguka.

"Njo vile," alisema, akabonyeza tena.